Jiwe la Kushukia

Kitu cha kwanza kutushtua kilikuwa gomesi.

Among hakuwa mtu wa gomesi. Lile gauni refu la mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni, kwetu Malaba ni nguo ya harusi, ya kipaimara, ya kuvuka Uganda kwenda kusikiliza mambo ya mahari. Among alikuwa mtu wa sketi na leso moja, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya gunia na vumbi: kununua mihogo mikavu soko la Angurai na kuja kuiuza hapa mpakani. Basi alipoanza kuvaa gomesi Jumatatu, akavaa Jumanne, akavaa mpaka siku ya kufua, ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga ikapata kazi ya mdomo.

"Ameokoka huyo," mmoja akasema kwenye foleni ya bomba.

"Aokoke na bado anapika pombe ya ajon? Ana mimba."

"Mimba ya wapi, na binti yake Aguti ana watoto huko Busia? Mimi nawaambia kuna mtu Tororo. Mama wa umri ule haanzi kupendeza hivi hivi."

"Kwani hawezi kumpendezea bwanake?" akauliza Adoyo, muuza samaki wa chumba cha kwanza, ambaye mwili wake ulijaza mlango na kicheko chake kikajaza ua uliobaki.

Tukacheka mpaka mitungi ikafurika. Bwanake alikuwa Echodu, na Echodu, kila mtu alijua, alikuwa ameoa mara mbili: Among, na baiskeli.

Ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma kizito, ya zamani, ya aina tunayoiita mamba, yenye keria pana nyuma na mto mwekundu wa kukalia uliozungushiwa shada za nailoni. Kazi ya boda ilianzia hapa hapa mpakani kwa baiskeli za aina hiyo, za kuvusha watu kutoka geti moja kwenda lingine. Sasa vijana wote wana pikipiki. Echodu peke yake alibaki akikanyaga, mzee mwenye mapaja kama ya dume la kulimia, na wateja wake wakawa wale wanaoogopa mwendo: mabibi, waja wazito, watu waliobeba mayai. Siku za kawaida aliwazungusha mjini. Siku ya soko la Angurai hakubeba mtu mwingine ila mkewe.

"Mzee, si umnunulie mama nauli ya piki?" vijana wa steji walimchokoza. "Utamfikisha soko limefungwa."

"Kwa piki upepo unakula maneno," aliwajibu. "Mimi redio yangu iko nyuma."

Ilikuwa kweli. Among alikaa upande, kama wanavyokaa kina mama, miguu yote kushoto, mkono mmoja kwenye kiti cha mumewe, naye Echodu akaegemea kulia kidogo kusawazisha. Alikuwa ameegemea hivyo miaka mingi mpaka hata akitembea kwa miguu bega moja liko chini. Wakipita foleni ya matrela, Among anaanza habari. Wakikata kona kuingia barabara ya murramu, habari imenoga. Nani amemtoroka nani, nani amekamatwa na sukari ya magendo, mchungaji gani ameonekana wapi. Echodu hakumwona uso. Alimjua kwa sauti mgongoni, na kwa uzito kwenye keria.

Mwanzo wa mwaka ule nchi ilikuwa imeungua. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, watu wamechoma nyasi, na vilima vyote vya upande wa kaskazini vilikuwa vyeusi kama sufuria. Juu ya miamba kando ya barabara mihogo iliyomenywa ilikuwa imeanikwa, myeupe, inauma macho. Halafu unaingia msitu wa mikaratusi, na hapo hata kiangazi kuna ubaridi. Maganda ya miti yanaanguka marefu marefu, gurudumu likiyakanyaga yanalia kama biskuti. Ndani ya msitu huo ndipo kilima kinapoanza, na mahali kinapoanzia, pembeni mwa njia, pana jiwe limekaa kama kigoda.

Sisi tunaliita Jiwe la Kushukia. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mtu wa baiskeli hajawahi kulipita na abiria. Ukifika hapo unasimama, abiria anakanyaga jiwe anashuka, mnapanda kilima kwa miguu, wewe unasukuma, yeye anatembea kando. Mpaka juu, ndipo anapanda tena. Kwa Echodu na Among hapo ndipo walipokuwa wakitazamana usoni kila siku ya soko. Echodu alituambia baadaye kwamba maneno ya nyumba yao, yale mazito, ya watoto, ya shamba, ya nani azikwe wapi, yote waliyasemea kwenye kilima hicho, yeye akihema na Among akiwa ameshika keria akimsaidia kusukuma.

Mvua ilikuja mwezi wa tatu, ghafla, kama mtu aliyekuwa amejificha. Siku mbili tu vilima vikaota ukijani. Watu wakamwaga wimbi mashambani. Kumbikumbi wakatoka, na ua wetu ukajaa mabeseni na watoto wakigombana. Miaka yote Among ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye kichuguu, amejifunga leso kifuani, anawafukuza watoto kwa matusi ya kuchekesha. Mwaka huo alikaa kwenye kiti mlangoni, ndani ya gomesi, akitutazama. Tulipomletea aliwakaanga, akanusa, akawagawia watoto wote.

"Toto, mbona huli?" Echodu akamuuliza. Toto ni mama kwa Kiteso, ndivyo alivyomwita.

"Jino," akasema Among.

Siku ya soko iliyofuata barabara ilikuwa tope. Walipokaribia jiwe, Echodu akaanza kushika breki. Sauti ikatoka mgongoni:

"Papa Aguti, leo usisimame."

"Unataka tuanguke?"

"Jaribu tu. Nikishuka hapa nitachafua gomesi."

"Hiyo gomesi yako itaniua."

"Huna mapaja? Au ni ya kuonyesha watu wa steji?"

Akacheka, akainuka kwenye pedali, akalipita jiwe. Hakufika mbali. Baiskeli iliyumba, akaruka chini, akaishika isianguke na mke wake juu yake. Among hakushuka. Alibaki amekaa, ameshika kiti kwa mikono miwili, akamwambia asukume. Akamsukuma mpaka juu kama bi harusi.

Wiki iliyofuata, "Jaribu tena." Akafika kwenye mkaratusi uliopigwa na radi. Iliyofuata, akaupita. Mvua zilinyesha, zikapungua, nyasi zikarefuka mpaka zikaanza kugusa spoki pande zote mbili, vipepeo weupe wakatanda kwenye madimbwi. Kila soko Echodu alikuwa anazidi kupanda. Siku wimbi ulipoanza kuinamisha vichwa mashambani, alifika juu. Juu kabisa, bila mguu wake kugusa udongo. Akasimama pale akihema na kucheka peke yake, jasho likimtiririka, chini yake Angurai yote, mabati na mivule.

"Umeona?" akasema. "Toto, umeona?"

"Nimeona," akasema Among. "Sasa wewe ni kijana."

Jioni hiyo habari haikulala, ilizunguka ua mzima. Echodu aliisimulia kwenye bomba, akaisimulia kwa Adoyo akinunua samaki, akaisimulia tena kwa Adoyo alipolipa. Alianza kutembea kifua mbele. Alikunja suruali juu ya goti ili watu waone. Akasema ni ugali wa muhogo na wimbi, hawa vijana wanakula chipsi ndiyo maana wanahitaji injini. Na sisi tulimfurahia, kwa nini tusimfurahie? Mzee aliyekuwa akichekwa na steji nzima amepata kitu chake.

Mwezi wa nane wimbi ukavunwa, na wimbi ukivunwa chungu hakikai kitupu. Among alipika ajon, lakini safari hii alikaa akielekeza tu, wengine wakakoroga. Chungu kikawekwa katikati ya ua, mirija mirefu ikaingizwa, wazee na vijana wakazunguka. Ua ulikuwa umejaa. Hata wapita njia waliingia. Echodu alinyonya, akafuta mdomo, akaanza hadithi ya kilima.

Allan Omagor, wa pikipiki, kijana mwenye mdomo ambao hauna breki, akautoa mrija wake.

"Buda, hicho kilima tumekisikia sana. Sasa tunataka kukiona."

"Njoo siku ya soko uone."

"Nitakuja. Steji yote itakuja. Ukishuka, unaninunulia chungu hiki hiki."

"Nisiposhuka?"

"Usiposhuka nitakuosha hiyo mamba yako ya chuma mbele ya watu, na sabuni."

Kelele zikapanda. Adoyo akapiga makofi akasema na yeye atafunga biashara aende, hawezi kukosa kumwona Allan akiosha baiskeli. Wote walimgeukia Echodu. Hakuna aliyemtazama Among isipokuwa Adoyo, kwa bahati, naye anasema alikuwa ameinamisha kichwa akivuta mshipi wa gomesi, anaukaza, anaukaza.

Siku ya soko jua lilikuwa zuri. Mashamba yalikuwa yamekatwa, yamebaki mabua, na harufu ya wimbi unaopigwa ilikuwa kila mahali. Pikipiki kama saba hivi zilitangulia, Adoyo nyuma ya Allan, anapiga kelele asiende mbio. Tukajipanga kwenye kilima, huku na huku chini ya mikaratusi, kama watu wanaongoja mashindano.

Echodu akatokea. Akalikaribia jiwe, akalipita, akainuka. Mama yangu! Alipanda kama mtu anayekwenda dukani. Hakuyumba hata mara moja. Tukapiga vigelegele, pikipiki zikapiga honi, na Among nyuma amekaa wima, uso mkavu, mikono yote miwili imeshika kiti. Wakafika juu. Echodu akageuza, akateremka naye mpaka kwenye jiwe kutuonyesha si bahati, akasimama mbele ya Allan.

"Leta sabuni."

Allan alikuwa amekubali, usoni ilionekana. Lakini mdomo wake haukubali kushindwa.

"Sawa, buda, nitaosha. Lakini mama huyu ni wa gomesi tu, mwepesi. Hebu beba mtu mwenye mwili. Beba Adoyo!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Adoyo akasema, "Niacheni, nitamvunjia mzee mgongo!" huku tayari anakuja. Na Echodu, katika raha yake, akacheka pia, akasema, "Adoyo si mzito. Adoyo na mke wangu ni mwili mmoja. Waliwahi kuazimana nguo harusi ya Aguti."

Ilikuwa kweli. Sote tulikuwa kwenye harusi ile. Adoyo alikuwa amevaa gauni la Among la buluu, na lilimkaa.

Among akashuka kwa kukanyaga jiwe, akaketi juu yake. Adoyo akapanda upande, miguu kushoto. Echodu akarudi nyuma kuchukua kasi, akakanyaga, akaja, akalifikia jiwe, akainuka kwenye pedali.

Baiskeli ikasimama. Pale pale. Pale ilipokuwa ikisimama miaka yote kabla ya mwaka huu. Miguu ilikataa kama iliyogonga ukuta, akaruka chini, Adoyo akaruka na yeye akipiga yowe na kucheka, watu wote wakacheka, Allan akaanza kucheza katikati ya barabara akiimba kwamba sabuni imeisha.

Echodu hakucheka. Alikuwa ameshika usukani, anaangalia pedali. Baadaye alituambia kwamba miguu yake ilijua kabla hajajua yeye. Ule uzito aliuelewa. Ulikuwa uzito wa mke wake. Kitambo hakuwa ameubeba.

Akageuza kichwa. Upepo ulikuwa unatoka bondeni, unapita kati ya miti, na ukambana Among pale alipoketi kwenye jiwe. Gomesi ikamlalia. Ndani yake mlikuwa na leso, na leso nyingine, vitambaa vimevimba vimefungwa kiunoni, na katikati ya vitambaa hamkuwa na mtu wa kutosha.

"Toto," akasema.

Allan aliacha kucheza, mguu mmoja ukiwa bado juu.

Soko hawakufika siku hiyo. Echodu alimpakia, akaanza kusukuma kurudi Malaba kwa miguu, na alipokataa mtu yeyote awasindikize, tukawaacha. Maneno waliyosema njiani tuliyapata kwake, kidogo kidogo, kwa miezi.

"Tangu lini?"

"Walinipima Tororo. Kabla ya mvua."

"Wakasema nini?"

"Kansa. Tumboni. Wakasema imeshatembea."

Alisukuma kipande kirefu. Wakapita miamba, wanawake walikuwa wanageuza mihogo, wakawasalimia, Among akaitikia kwa sauti yake ile ile ya siku zote, akawauliza habari za wagonjwa wao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenishusha kwenye baiskeli."

"Toto!"

"Ungenishusha. Ungenilaza kitandani na ungeita watu waje kuniangalia. Najua watu. Mimi mwenyewe nimeenda kuangalia wengi, nikatoka nje nikasema amebaki wiki moja. Nilitaka mwaka mmoja, Papa Aguti. Mwaka mzima wa barabara hii. Nione nyasi zikichomwa, nione mvua, nione wimbi ukikatwa, mpaka zichomwe tena."

"Na kilima? Uliniambia nisisimame kwa ajili ya gomesi."

"Sikuweza kukitembea. Ule mwezi wa tatu nilikuwa nimejaribu, nikaona nyota."

Hapo ndipo Echodu alipoisimamisha baiskeli katikati ya murramu, akalia kama mtoto aliyepigwa. Si kwa sababu ya kansa, alisema. Kansa hakuwa ameielewa bado. "Nilikuwa nafurahi," alirudia kutuambia, kila mara neno hilo hilo, akijishika paja kana kwamba ni kitu alichokiiba. "Kila wiki anaisha, na mimi kila wiki nafurahi. Nilikuja kuwasimulia. Mliniona. Nilikunja suruali."

Alimpeleka hospitali kubwa, Aguti akaja kutoka Busia wakaenda pamoja. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema warudi nyumbani wampe anachotaka.

Alichotaka kilikuwa barabara.

Basi mvua ndogo za mwisho wa mwaka zikaanza na Echodu akaendelea kumpakia. Aguti aligombana naye mbele yetu sote. "Baba, unamuua!" Echodu alifunga godoro dogo juu ya mto mwekundu, akamfunga Among kwa leso kiunoni pake mwenyewe kama mtoto anavyobebwa, na siku ya soko wakaondoka. Hawakununua mihogo tena. Walikwenda tu kuona. Ukungu ulikaa kwenye mikaratusi mpaka saa nne, matone yakiwadondokea kutoka kwenye majani. Uyoga ulitoka kando ya njia, akamwonyesha. Mashamba ya maharage yalichanua. Redio ilikuwa imepungua sauti, Echodu alilazimika kupunguza mwendo ili asikie, na mara nyingine alikuwa anaitikia "Enhe? Halafu?" kwa kitu ambacho hakijasemwa.

Na kwenye jiwe akawa anasimama.

Allan aliwakuta siku moja. Echodu ameshuka, anasukuma, anahema kwa nguvu, anainama kama mtu aliyebeba mawe, na Among amekaa juu, mwepesi kiasi kwamba keria haikulia.

"Mbona umeshuka?" Among alikuwa anamuuliza. "Si uliweza?"

"Wee, Toto. Umekuwa mzito. Umenishinda."

"Muongo."

"Mungu anaona. Sijui unakula nini huko nyuma."

Among akacheka. Allan anasema alizima pikipiki, akajifanya anatafuta kitu kwenye tangi mpaka wapite.

Nyasi hazikuwa zimekauka bado alipokufa. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ilichelewa kuisha, kila kitu kilikuwa kibichi. Alifika karibu, lakini moto wa nyasi hakuuona. Siku zile za mwisho Echodu alijaribu hata kuchoma kipande cha majani nyuma ya ploti ili moshi umfikie dirishani. Yalikuwa mabichi, yakatoa mvuke tu, yakazima. Akapiga kiberiti tena, na tena, amepiga magoti pale, mpaka Adoyo akaenda akamchukulia kiberiti mkononi.

Kwao ni ng'ambo ya kilima, karibu na Angurai, na huko ndiko alikozikwa Among. Jeneza lilikwenda kwa pikapu, sisi tumejaa ndani na kwenye pikipiki, nyimbo za kanisa njia nzima. Echodu alikataa kupanda. Alikuja nyuma na baiskeli, keria tupu, na kila mara ilikuwa inamvuta kulia, inaingia kwenye majani, kwa sababu mwili wake ulikuwa unaegemea mtu ambaye hayupo. Alianguka mara moja mbele yetu. Alipojaribu kuinuka, hakuna aliyejua kama tusimamishe gari au tuendelee kuimba.

Tukadhani ataiuza baiskeli, au ataiacha iote kutu. Ua wetu ulimkalia, kama tulivyo. Chakula kilitoka kila chumba. Jioni tulimwekea kiti karibu na jiko, tukazungumza kwa nguvu zaidi kuliko kawaida ili asisikie chumba chake. Alikaa. Alitushukuru. Lakini siku moja ya soko, alfajiri, mlango wake ulikuwa wazi na baiskeli haipo.

Allan ndiye aliyetuletea habari, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona Allan akiongea bila kupiga kelele.

Ilikuwa mwezi wa pili. Nyasi zilikuwa zimechomwa, vilima vyeusi, jivu linapeperuka barabarani. Maganda ya mikaratusi yameanza kudondoka. Allan alikuwa amepeleka abiria Angurai, anarudi, akamkuta Echodu chini ya kilima. Alikuwa na gunia la mihogo, lakini ndani hamkuwa na mihogo. Alikuwa anaokota mawe kando ya njia. Jiwe moja analipima mkononi, analitupa, anachukua lingine. Alipotosheka alilifunga gunia kwenye keria, akalivutia upande wa kushoto, akarudi nyuma, akakanyaga. Akalipita Jiwe la Kushukia vizuri, akapanda hatua kadhaa, akasimama, akatikisa kichwa. Akateremka. Akafungua gunia, akaongeza jiwe.

"Mzee Echodu," Allan akamwita. "Unafanya nini?"

"Bado si yeye," akasema Echodu. "Huyu ni wa mwezi wa sita."

Allan alikaa juu ya pikipiki yake. Hakujua aende au abaki. Echodu akarudi nyuma tena, akaja, akapita jiwe kidogo tu. Akashuka. Akaongeza jiwe, dogo, kama ngumi. Akarudi nyuma mbali zaidi, mpaka kwenye kona, akaja akiegemea kulia, uso umekunjamana, akalifikia jiwe, akainuka kwenye pedali.

Ikasimama. Pale pale.

Aliweka mguu chini, polepole, asije akamwangusha mtu. Akashika breki zote mbili. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Baiskeli ilikuwa imenyooka wima katikati ya barabara, haiendi upande wowote.

"Haya, Toto," Allan alimsikia akisema, bila kugeuka nyuma. "Tumefika. Shuka tutembee."

Akangoja. Jivu lilipita miguuni mwake, na upepo ukafika juu kwenye mikaratusi. Allan anasema alingoja muda mrefu, ameshika breki hivyo, kichwa kimelala kidogo nyuma kama mtu anayesikiliza.